Tope la Magwagwa

Jumanne, 4 Machi. Ikonge.

Asubuhi kama zote. Gambuti, chai ya maziwa, viazi vitamu, nyundo mkobani. Mimi na Akinyi tumezunguka kilima mpaka mchana. Lava. Lava tena. Juu ya lava udongo mwekundu, juu ya udongo ndizi. Mvua ikatufukuza.

Akinyi ni rafiki yangu tangu tukisomea jiolojia, na tunabishana tangu wakati huo. Yeye ni Mjaluo, mtu wa ziwani, na kazi yake iko kule chini kwenye tambarare, ambako amechimba visima vya utafiti na kukuta tope la ziwa la kale. Anasema ardhi ilipasuka kwanza, upande mmoja ukazama, maji yakajaa shimoni. Mimi nasema hapana. Ardhi ilibonyea kwanza, polepole, kama kitanda cha kamba mtu akikikalia. Ziwa likatanda. Bonde la ufa, ambalo tambarare ile ndiyo sakafu yake, lilipasuka baadaye sana.

Kama niko sahihi, tope lile lile lazima liwepo na huku juu, chini ya lava, upande ambao haukuzama. Sijaliona bado. Makala yangu yamerudishwa tena. Wahakiki wanauliza jambo moja tu: tope liko wapi?

Tunalala kwa mama. Akinyi anacheka kila nikimwita mama "Baba", kama tunavyosema kwa Ekegusii, lugha yetu. Anasema Wakisii tulipindua dunia.

Jumatano, 5 Machi

NIMELIONA. Nafikiri nimeliona.

Magwagwa wanapanua barabara. Tingatinga limekata kilima wima kama mkate. Tulikuwa juu ya bodaboda, nikampiga dereva begani asimame. Chini ya lava nyeusi kulikuwa na mkanda wa kijivu, mpana, umelala vizuri. Akinyi akasema huenda ni lava iliyooza tu. Lakini alishuka kabla yangu.

Hatukufika karibu. Ukingo ule ni mwisho wa shamba la Mzee Nyakundi. Alitoka kwenye migomba akiwa na hasira tayari.

"Nyinyi ni wale wa dhahabu."

Nikamwambia sisi ni watafiti. Akasema hata wale walisema hivyo. Walikuja wakachimba mashimo, wakaenda zao, na ng'ombe wake akatumbukia akavunjika mguu. Akatuonyesha barabara kwa fimbo.

Msimamizi wa ujenzi alisema bila ruhusa ya mzee hatugusi kitu. Na Jumatatu wanaanza kujenga ukuta wa mawe kuzuia maporomoko. Mkanda wote utafunikwa.

Nina hasira na mzee. Hasira zaidi kwa sababu yule ng'ombe ni kweli. Tuliliona shimo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimenuna siku nzima.

Mama amenisikiliza akichambua mboga za saga, kisha akaniuliza nilimsalimu mzee kwa lugha gani. Kiswahili, kwa sababu ya Akinyi. Na mkononi nilishika nini? Nyundo.

"Ungekuwa wewe ungefungua mlango?"

Kumbe anamfahamu. Yeye na marehemu mke wa mzee walikuwa wakipika pamoja kwenye makambi ya kanisa, kila mwaka, sufuria moja. Na mimi nimekuwa nikitafuta njia huku mama yupo jikoni! Kesho tunaenda wote. Nyundo inabaki.

Ijumaa, 7 Machi

Mama na Mzee Nyakundi wameongea Ekegusii muda mrefu bila kutaja jiwe. Wagonjwa, waliozaliwa, waliohamia Kisii mjini. Nilikuwa nakaribia kupasuka. Akinyi aliletewa ndizi, akala, akaletewa nyingine.

Mwishowe mzee akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie:

"Sasa sema ukweli, mwanangu. Mnatafuta nini?"

"Tope, Mzee."

"Tope?"

"Tope la zamani sana."

Akamtazama mama. Akanitazama tena. "Mtu amesoma mpaka akawa daktari, anatoka Nairobi, anakuja Magwagwa kutafuta tope? Wakati huu wa mvua?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mama akacheka. Akinyi aliinamisha uso lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka. Nikacheka na mimi. Ni kweli inachekesha.

Kisha nikamweleza. Kwamba labda hapa palikuwa na ziwa kabla ya volkeno, kabla ya bonde kupasuka. Hakuuliza litampa nini. Aliuliza tu kama lilikuwa na samaki. Nikasema sijui. Akasema basi mtafute mjue.

Amekubali. Tusiache shimo, na tutakachokiona tumwonyeshe yeye kwanza. Kesho ni Sabato, hakuna jembe litakaloinuliwa. Jumapili twende.

Jumapili pekee. Jumatatu ni ukuta. Mawingu ni mazito upande wa Sondu.

Jumamosi, 8 Machi

Kanisani na mama. Mvua kwenye mabati mpaka mhubiri akanyamaza akasubiri. Nilijaribu kuomba kama watu, lakini kila nikifumba macho nauona ule ukingo. Nikaomba usiporomoke. Naona haya kidogo.

Akinyi, Mkatoliki, alikuja pia. Aliimba nyimbo za Ekegusii asizozielewa kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Kina mama wamempenda. Wanataka awe anakuja.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika Magwagwa asubuhi. Ukingo umeporomoka. Udongo mwekundu umeshuka wote, umefunika mkanda kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kijivu hata cha ukucha. Nilikaa juu ya jiwe nikalia. Sikujificha. Akinyi alinishika bega, na yeye ndiye angefaidi tukikosa.

Mzee Nyakundi akaja na jembe begani. Akatazama udongo, akanitazama.

"Ni udongo tu. Udongo hatujaanza kuulima leo."

Akapiga mluzi kuelekea kwa jirani. Wakaja wawili, kisha watano, kisha sikuhesabu tena. Majembe, sepetu, karai. Kina mama wawili waliokuwa wakienda sokoni walitua ndizi zao kando wakafunga leso kiunoni. Msimamizi akatuchagulia sehemu iliyotulia, lava haina nyufa, akasimama pale akichunga juu asije mtu akaangukiwa. Alituamuru tuanzie juu kwenda chini, na sote tukamtii.

Walikuwa wakitaniana wakichimba. Kwamba daktari ameleta kazi ya kutoa tope ili apate tope. Mimi pia nilichimba. Malengelenge mikono yote miwili. Raha tupu.

Karibu na saa sita kijivu kikatokea.

Si lava iliyooza. Tope, limekauka likawa jiwe, kurasa juu ya kurasa, nyembamba kama chapati. Niliingiza kisu nikafungua. Ndani kulikuwa na jani. Jani zima, na mishipa yake, rangi ya kahawia. Ukurasa mwingine ulikuwa na mikunjo midogo midogo, ile ambayo maji ya kina kifupi huchora kwenye mchanga. Nilipiga kelele. Watu walidhani nimeona nyoka.

Mzee akaletewa jani kwanza, kama tulivyoahidi. Alilishika kwa mikono miwili.

"Hili lilianguka majini?"

"Ndiyo, Mzee. Likazama taratibu, tope likalifunika."

"Hapa? Kwenye shamba langu?"

"Hapa hapa."

"Basi mimi ni mtu wa ziwa."

Akinyi akamnyooshea mkono. "Karibu nyumbani, Mzee."

Watu walicheka mpaka barabara ikasimama.

Lakini hilo silo kubwa. Juu ya tope, chini kidogo ya lava, kuna tabaka jembamba la majivu ya volkeno, jeupe, lenye vipande vidogo vinavyometa kama bati. Akinyi alilisugua kwa kidole. Akalisugua tena. Akaacha kutania. Akachuchumaa, akaweka lenzi jichoni, akabaki hivyo mpaka nikaogopa.

"Nyaboke. Haya majivu nayajua."

Anayo kwenye visima vyake vya kule chini. Yale yale, kwa macho. Siku moja, mlipuko mmoja, majivu yakaanguka juu ya ziwa moja. Kisha ardhi ikapasuka, nusu ya ziwa ikashuka tambarare na nusu ikabaki hapa chini ya migomba ya mzee.

Kwa macho tu. Maabara ndiyo itasema. Akinyi alirudia hivyo mara nyingi, huku akicheza ngoma peke yake matopeni.

Tumechukua sampuli, tumepima, tumepiga picha. Shimo hatujaacha. Sina nguvu hata ya kuvua gambuti.

Jumatatu, 10 Machi

Mawe yameanza kupanda. Kufikia jioni mkanda ulikuwa umefunikwa. Nilidhani nitaumia. Sikuumia. Watu lazima wapite salama.

Ijumaa, 14 Machi. Nairobi.

Sampuli zimeingia maabara. Akinyi hapokei simu zangu za "umesikia lolote?" Ana haki.

Alhamisi, 24 Aprili

Akinyi amepiga. Sikumwelewa mwanzoni, alikuwa akiongea Dholuo. Majivu ni yale yale. Madini yale yale, umri ule ule. Ziwa lilikuwa moja.

Nikakaa sakafuni ofisini nikacheka peke yangu.

Kisha akanipa lake. Tope la majira hayo hayo, kule chini ni nene zaidi kuliko la Magwagwa, na linazidi unene kuelekea kaskazini. Maana yake hata kabla ya kupasuka ardhi ilikuwa imeshaanza kuinama upande wa tambarare yake. "Kwa hiyo nami sikupotea sana," akasema. Hakupotea sana. Alikubali kushindwa kwa furaha zaidi kuliko mimi ninavyoshinda. Makala tutaandika wawili. Tumeshaanza kubishana juu ya kichwa chake.

Nikampigia Mzee Nyakundi. Alinitaka niseme polepole, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika na nyumba imejaa. Nikamaliza, wakapiga makofi. Nikasikia mtu akiuliza, na samaki? Nikasema samaki bado.

Jumatatu, 5 Mei. Ikonge.

Nimemsaidia mama kuchuma majani chai. Majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi. Bado ananishinda kwa mbali. Ukungu uliondoka taratibu, jua likatoka. Hatukuongea sana. Aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema ndiyo. Vikapu vilipojaa tuliketi kwenye nyasi kabla ya kwenda kituoni kupimisha chai, tukanywa uji. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Havitoki kwa sabuni. Nimeviacha hivyo.