Wamepika Maua Yangu

Karuba. Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 mwezi wa tatu 1967
Nimetoa majani ya kuoza ku arum, ile maua yangu nyeupe, chini ya migomba. Andika, Veronika dada yangu, weye ulisoma kwa masista, mimi hapana. Pale jua haifike, maharagi inaoza. Arum inapenda kivuli. Nikikata ua, mizizi inaleta lingine, kila mwaka. Ortansia nayo iko, ua ya buluu, ya ule mama muzungu alienda zake. Alikuwa anaisemesha kama mutoto mugonjwa. Kichwa bure.
Shemeji Gerevasi, mudogo wa marehemu bwana yangu, amechungulia ku lupango yangu ya maua. Hakusalimia. Macho ya mwizi.

Siku ya tatu, tarehe 8
Gerevasi ameenda kwa kapita, mukubwa wa mulima. Ati udongo iko yake, ati mateke yenye iko ndani ni yeye alipanda. Mateke, magimbi ya kula! Majani inafanana, sawa. Lakini hata mbuzi yangu inajua. Huku mwenye kupanda chakula njo mwenye udongo. Mujane wa maua, wanamufukuza. Kapita amemujibu: vuna basi, tuone.
Nikinyang'anywa pale, nitabakia na mulango ya nyumba tu.

Siku ya tano, tarehe 10
Nimekuta Generoza, bibi ya Gerevasi, ku kisima. Nimemuambia: ile mizizi ya maua haikuliwe. Amecheka. «Mama, unatuficha chakula!» Meno inje, akili hakuna.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 11
Gerevasi na bibi yake wamechimba. Mustari muzima. Maua wametupa ku njia, ng'ombe imekanyaga. Sikulia. Kulia mbele ya hawa? Hapana.

Siku ya yenga, ya misa, tarehe 12
Wamekula. Midomo imevimba, ulimi ya Gerevasi haiingie mu kinywa. Yeye mwenye kusema kupita redio! Anaonyesha na mukono tu: mimi njo nilimuroga. Watu wamejaa ku mulango yangu. Murozi, wanamuchomea nyumba. Niko na woga. Kuogopa sababu ya mupumbavu, ile njo inaniuma.

Siku ya pili ya juma, tarehe 14
Kwa kapita. Ulimi imepunguka, uongo hapana. Kapita ameuliza: «Papa Gerevasi, nani alipanda hii?» Gerevasi ameangalia kofia yake. Akisema ni yeye, basi alijiroga mwenyewe. Watu wameanza kucheka. Mumoja amelalamika: «Sema, Papa, supu inapoa!» Gerevasi akasema: «Mama njo alipanda.»
Kapita: «Basi udongo iko ya Mama.»
Gerevasi amerudi kwake na kofia mu macho. Muntu mukubwa vile, na ndevu.

Siku ya yenga, tarehe 19
Mvua kidogo. Napanda tena vipande vya mizizi vyenye walitupa. Generoza amekuja na jembe yake, mudomo ingali kubwa. Ameinama pembeni yangu, akapanda. Anapanda vibaya, anaingiza ndani sana.
Nimemuacha apande.