Mkono Niliouomba

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimeachia na baridi imeanza kutuhurumia. Kwenye hii nyumba ya wazee kazi ni ileile: nawaogesha, nawalisha, na wananigombeza kwa makosa ya watoto wao.

Sasa nikuulize bila kuzunguka. Mistari ya barua yako ya mwisho ilikuwa inapanda na kushuka, wewe uliyekuwa unanichapa vidole kwa mwandiko mbaya! Kaka ameniambia mkono wako unatetema, na kwamba kila Jumapili baada ya ibada bado unakwenda hospitali, wodi ya wanaume, kuwanyoa wagonjwa wasio na ndugu. Baba, wembe! Kwenye koo la mtu!

Nimekipaka rangi chumba cha pili hapa kwangu. Nikija likizo mwisho wa mwaka nitakuchukua. Umewahudumia watu vya kutosha, tena kwa sabuni yako mwenyewe. Pumzika.

Binti yako

26 Februari

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu umeanza kunigombeza sawasawa na marehemu mama yangu. Marahaba. Nashukuru kifua kimeachia, ila endelea kujifunika. Mimi sijambo, isipokuwa huo mkono ambao kaka yako ameuchongea. Mdomo wake hauna breki.

Ni kweli unatetema. Kwenye duka letu la kinyozi nimemwachia kaka yako viti vyote, mimi nafagia nywele na kupiga soga. Lakini wodini kuna watu wamelala wiki nyingi bila mtu wa kuwauliza hali, ndevu zimewafunika mpaka hawataki kutazamwa. Ukimnyoa mtu wa namna hiyo, anakaa kitako na kuomba chakula. Na sabuni usiihesabu kuwa yangu. Ikiisha, Mungu huleta. Juzi jirani mwenye duka kaniletea mche uliovunjika, anasema hauuziki. Nilikuwa nimebakiwa na kipande cha kufulia soksi.

Sasa namwomba Mungu mkono. Kila asubuhi namwambia: Bwana, sitaki mengi, nipe mkono tu, kazi yenyewe ni yako. Kwa hiyo asante kwa chumba, lakini usiharakishe kununua kitanda.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za tangu siku zile? Mimi salama. Kitanda nimeshanunua.

Usinikasirikie kwa hili. Kama Mungu anatoa, mbona ameuchukua mkono wenyewe? Mimi huku niliacha kuuliza, mwishowe nikaacha hata kuomba, na kazi naifanya vilevile. Siandiki kwa ubaya, naogopa. Siku utakapomkata mtu hutajisamehe. Nakujua.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima.

Nimemkata. Mzee mmoja, chini ya sikio. Si kidonda kikubwa, yeye mwenyewe alicheka, na sista wa wodi akabandika plasta. Lakini nimeufunga wembe kwenye kitambaa na kuuweka juu ya kabati.

Swali lako nimempelekea Mungu mwenyewe. Bado namsubiri.

Hicho chumba kina dirisha?

Baba

30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako? Chumba kina dirisha, jua la asubuhi linaingia mpaka kitandani. Nilidhani ukikubali nitafurahi. Sikufurahi. Nimelia kazini, nikasingizia vitunguu, ingawa jikoni siendi kabisa. Niandikie.

Binti yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo tena. Mwezi mzima kimya. Kaka anasema u mzima ila huna maneno. Nitukane basi, lakini andika.

Binti yako

20 Juni

Mama yangu,

Marahaba zote unazonidai. Usishtushwe na mwandiko huu, sijafa. Anayeandika ni seremala, nami namwambia cha kuandika. Mimi ni mzima, naye anakusalimu.

Mwezi uliopita sista aliniita, wagonjwa wananiulizia. Nilikwenda mikono mitupu, kusalimia tu. Kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala huyu seremala, amegeukia ukuta, ndevu kama kichaka. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulikuwa umemkata mkono wa kushoto. Akasema, "Mzee, ninyoe." Nikamwambia mkono wangu umekufa. Akajibu, "Afadhali wako. Wangu umeshazikwa."

Tulicheka mpaka sista akaja kutunyamazisha.

Kesho yake nikampelekea wembe ajinyoe. Hakuweza. Kunyoa ni mikono miwili, mmoja uvute ngozi, mwingine uongoze wembe. Basi nikaweka vidole vyangu shavuni pake, nikavuta. Mama, mkono huu ukipata pa kushika unatulia! Yeye akapitisha wembe, kwa mkono uliozoea kupiga randa. Nikawa namwambia, taratibu, huo ni uso, si mlango. Tulimaliza bila hata mkwaruzo.

Nilimwomba Mungu mkono, akanipa. Ila sikumwambia auweke wapi.

Sasa seremala ameruhusiwa, na kila Jumapili ananisubiri getini tukawanyoe wengine. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja alijipapasa kidevu, akauliza kinyozi ni yupi kati yetu. Mimi nilimwonyesha seremala, naye akanionyesha mimi.

Lakini nilishakubali, na nimechoka kukutia hofu. Ukisema nije, nitakuja. Seremala amegoma kuandika sentensi hiyo, nimemlazimisha.

Baba yako

11 Julai

Baba,

Shikamoo, na seremala mpe shikamoo yake. Mwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wako hata ulipokuwa mzima.

Nilipouona juu ya bahasha niliketi sakafuni. Nilijua ni barua ya msiba. Kabla ya kuifungua niliomba. Sikuwa na maneno, nilisema tu Mungu, Mungu, Mungu, mpaka nikapata nguvu ya kuchana karatasi. Ndiyo, mimi. Usimwambie kaka, ataitangaza mpaka kanisani.

Usije, Baba. Nakupenda na nakutaka karibu, na nakuambia usije. Mwisho wa mwaka nitakuja mimi, na siji kukuchukua.

Jumapili nitakwenda nanyi. Kunyoa sijui. Lakini hawa wazee wangu wamenifundisha kumwosha mtu uso bila sabuni kumwingia machoni, kwa hiyo mniachie beseni.

Binti yako