Mtoto wa Miaka Mitano Nisiye Naye

Mwenzio leo nimeumbuka. Nimeumbuka!

Asubuhi nimekanyaga tofali la plastiki, yale ya kuchezea niliyoanza kuyakusanya tena. Limenichana kisigino. Mtu mzima na ndevu zangu, nikaenda zahanati nikichechemea.

Kusikia nilichokanyaga, muuguzi akacheka: "Pole, baba. Mtoto ana miaka mingapi?"

Nikasema mitano. MITANO! Akauliza jina, nikampa la marehemu baba. Sijui ulimi wangu ulikuwa unawahi wapi.

Kumbe muuguzi huyo anaimba kwaya moja na mama! Sijafika hata nyumbani, mama huyo kwenye simu, analia: "Unanificha mjukuu? Tena mwenye jina la baba yako?"

Nilitaka kukiri, haki ya Mungu. Halafu akasema Jumapili anamletea lile kopo langu la matofali la utotoni. Lile aliloninyima miaka yote, eti anamtunzia mjukuu.

LILE KOPO! Lenye vipande vyote, hadi magurudumu na milango!

Nikajibu, "Karibu, mama."

Sasa sikia. Mwanao si ana miaka mitano? Niazime Jumapili tu. Jioni nitamrudisha.

Kopo linabaki.