Wifi Aliyeiburuta Mashua Yetu Matopeni

Bibi mshauri mpendwa, nisaidie, jambo hili limenikaa kooni. Mimi na mume wangu tuna mashua ya tanga tuliyoiunda wenyewe kwa miaka sita, yeye akiranda mbao mimi nikishona tanga, na sijawahi kujivunia kitu kama mashua hiyo. Tukapata kazi ya mbali miezi mitatu, mimi nikaifunga mashua gatini, tukamwomba wifi yangu, fundi cherehani, awe anaitupia jicho, na mume wangu akamwambia, "Dada, angalia tu, usiguse kitu." Basi dhoruba ikaja mchana, wifi akafunga duka akakimbilia gatini, akakuta mashua inajipigiza ukutani na kamba imebaki nyuzi chache, akaita wachukuzi wawili wakaikokota mpaka matopeni ikalala ubavu, mlingoti ukavunjika na usukani ukang'oka, ila mashua mbili za jirani zilizama palepale. Tuliporudi mume wangu akamfokea mbele ya wateja wake, "Nilikwambia usiguse!" naye akajibu, "Kwa hiyo ningeiangalia inavyozama?" na tangu hapo wiki saba hatusalimiani. Sasa Bibi, siri yangu ni hii, kamba mpya ya mashua niliichukua mimi nikaifunga uani nianikie nguo, mashua nikaifunga kwa ile kuukuu, mume wangu hajui, na kila akimsema dada yake mimi nainama kama natafuta kitu sakafuni. Nifanyeje?

Mke wa Seremala

Wiki saba! Wiki saba hujakanyaga kwa wifi yako, na miguu unayo? Mimi darasa silijui, barua yako nimesomewa mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kukufinya. Nguo zako zikauke vizuri, mashua izame!

Haya, futa machozi. Hukuua mtu, mwanangu. Lakini kumwachia mwenzio lawama zako, hilo silikubali hata ningekuzaa mimi.

Mashua yako ina mbavu zake zote. Mlingoti ni mti tu, na mumeo si seremala? Mwanamke wa cherehani, bahari haijui, katazama kamba mara moja akajua inakatika, akaacha riziki yake akaenda kupigwa na mvua kwa ajili yenu. Simfahamu, lakini naringa naye kama nimemnyonyesha! Nyinyi ndio mngetembea vifua mbele mtaa mzima mkisema, yule ni wetu.

Leo mumeo akishakula, mwambie habari ya kamba, yote, wala usianze na "unajua mume wangu." Atapiga kelele. Mwache apige, zikiisha msogezee viatu vya kwendea kwa dada yake. Kesho nendeni dukani kwa wifi saa ya wateja, maana alifokewa wakisikia, na msamaha wausikie. Wewe tangulia mlangoni, useme lako kabla mumeo hajasema lake, na asikae mtu mpaka mwenyewe awaambie karibuni.