Naombea Mvua Siku ya Darasa

Jumamosi, 11 Januari

Nimeombea mvua tena. Matope, barabara yote ya Kamere, ili kina mama wasije. Sijamwambia mtu. Mwalimu gani anaombea darasa lake life?

Walikuja. Wametoka shamba la maua moja kwa moja, wamechoka. Mama ndiye aliyenitoa, kanisani, mbele ya watu: "Faith amemaliza Form Four, atawafundisha kusoma." Hakuniuliza. Shangazi amenishikia nafasi chuoni huko kwake, mtaa wa Section 58, Nakuru, nisomee kompyuta. Mama anasema kwanza darasa. Likifa, niko huru.

Leo niliita jina kwa rejista, kama tulivyofanyiwa shule. "Priscilla, simama usome." Priscilla ni Mama Kevo. Ana umri wa mama yangu. Hakuna mtu humwita Priscilla. Alisimama, hakujua neno la ubaoni, nikamwacha amesimama mpaka mwingine ajibu. Kama tulivyofanyiwa.

"Hata bwanangu hajawahi kunisimamisha hivi," akasema.

Wote walicheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 12 Januari

Mama Kevo amesema harudi. Wengine watamfuata.

Nimefurahi. Halafu nikakumbuka kwa nini alikuja. Grinhausi ya maua ikipuliziwa dawa, huwekwa kibao mlangoni. Yeye hakuweza kukisoma, aliingia tu. Bado anakohoa.

Mimi ni mbaya.

Jumatano, 15 Januari

Nilienda kwake kuomba msamaha. Alikuwa anakata sukuma wiki, akanisukumia kisu na fungu langu. Tukakata. Macho yetu kwa mboga, hakuniangalia, maneno yakatoka.

"Sijakasirika, mami," alisema. "Lakini kukaa kwa benchi kama mtoto, siwezi. Kazini tunasimama mezani, tunapanga maua, mdomo nao unafanya kazi yake."

Nimewaza hiyo meza njia yote ya kurudi.

Jumamosi, 18 Januari

Benchi nje. Meza ya kanisa katikati. Nilikata katoni, nikaandika maneno: SUMU. USIINGIE. MAJI. KUTOKA. Nikayamwaga mezani. Wayapange kama wanavyopanga waridi, yanayofanana pamoja. Sikusimama mbele. Hakukuwa na mbele.

Mama Kevo alikuja. Alisimama kando kwanza, mkoba begani. Halafu akaona mtu ameweka SUMU pamoja na MAJI.

"Wee! Unataka kutuua?"

Hapo mkoba ukashuka.

Kelele ilikuwa ya soko. Nilipita nyuma yao, nikisaidia mmoja mmoja, kwa sauti yangu ndogo. Ilitosha. Mama Kevo alisoma USIINGIE polepole. Akarudia kwa nguvu. Akaenda akaichomeka katoni hiyo mlangoni. Pasta akatokea, akaingia bila kuiangalia.

"Pasta! Kwani hujui kusoma?"

Pasta alirudi nje. Mama Kevo alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akashika meza, akaendelea kucheka.

Jumapili, 19 Januari

Pasta ametangaza: darasa litaendelea mpaka Krismasi. Na Jumatano pia. Makofi. Mama alipiga kuliko wote. Nilitabasamu kwa sababu watu waligeuka kuniangalia.

Shangazi amepiga simu. Hawezi kushikilia nafasi mpaka Krismasi. Mama akajibu kwa niaba yangu: kwanza darasa.

Jioni. Mawingu mazito upande wa mlima Longonot. Nimekata katoni zingine. MKONO. MACHO. KIFUA. Sikuomba mvua. Niliomba ipite kando.

Hiyo ibaki hapa. Mama akijua kwamba nilifurahi jana, sitatoka Kamere. Tafadhali, daftari langu, usiseme.