Joho la Bluu la Bikira

Fosca! Shoga yangu, nimekwisha. Nimemvua Bikira Maria joho lake.

Sitanii. Ule mchoro wa ukutani niliopewa kuusafisha hapa kanisani, una miaka zaidi ya mia tano. Nimepitisha sponji ya maji, kutazama ndoo, maji yote bluu!

Wewe na mimi tulifundishwa nini? Rangi nyingine hupakwa lipu ikiwa mbichi, zikashikana na ukuta. Bluu hupakwa kwa gundi ukuta ukishakauka, kwa hiyo haiguswi na maji. Nilisahau, Fosca. NILISAHAU.

Subiri, kuna kubwa zaidi. Chini ya joho kuna gauni jekundu, na tumbo. Ana mimba! Mimba kubwa, kaishika kwa mkono. Kuna mtu aliona haya akamfunika.

Padri Severino kaingia, kapauka kama mshumaa. "Binti, mrudishie joho sasa hivi, kabla waumini hawajafika!"

Kumbe Mama Argia, yule bibi anayetandika madhabahu, yuko nyuma yetu. Unamjua, watoto wake wote walizaliwa wafu. Kapanda ngazi yangu, kaweka kiganja juu ya lile tumbo, nami nikashindwa hata kumwambia asiguse.

"Miaka yote nampigia magoti," kasema, "nikidhani hajui ninachomwambia. Padri, ukimfunika tena, mimi humu sirudi."

Padri ananikodolea macho mimi. Kengele ya misa inalia.

Fosca, nimetia brashi mfukoni, nimechukua sponji. Kuna bluu kidogo imebaki ukutani.