Nguzo za Ambili

Ashtamudi,
Kollam.
28 Mei 2007

Mpendwa mdogo wangu Ambili,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Mgongo wako umepata nafuu? Na yule bibi unayemtunza huko Muscat, bado hali mpaka abembelezwe? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila ulimi wake hauna ugonjwa.

Chaza tumewavuna wote kabla ya mvua. Mwaka huu wamenona kweli. Niliwakaanga kwa nazi na pilipili, nikala wawili watatu, hamu ikaniisha. Hapakuwa na wa kuniibia kwenye sufuria.

Mwezi huu tulipata mgeni, Nivya, mwanafunzi wa chuo kutoka Kochi, anayefanya utafiti juu ya ufugaji wetu wa chaza. Alilala kwetu siku tisa, akatoboa makombe ya msimu ujao, ya kunasia chaza wachanga, na kuyatunga kambani nasi mpaka vidole vikamtoka damu. Mama akampenda. Lakini binti yule ana macho. Alichora nguzo zetu zote zilizomo ziwani, kila mstari na jina la mwenyewe, halafu akauliza mbele ya kikundi chetu kizima cha wafugaji mbona wanawake ni kumi na wanne na mistari ni kumi na mitano.

Siku za mwizi ni arobaini. Kanuni unaijua: asiyetundika makombe misimu miwili, nguzo zake hupewa mwingine. Basi leo nikwambie nilichokuficha. Kila Desemba, miaka sita sasa, nikimaliza kutundika makombe yangu natundika na yako kwenye nguzo zako. Nikiulizwa, nasema msimu ujao unarudi.

Nikamjibu Nivya vivyo hivyo. Wenzangu wakainamisha vichwa. Dada Rajamma, mwenyekiti wetu, ndiye aliyesema.

"Prasanna, hata mvua huchelewa, lakini huja. Suhara anaomba kujiunga nasi, hana nguzo hata moja, na mumewe hainuki kitandani. Tulinyamaza kwa kuwa tunakupenda, mwenzetu, si kwa kuwa hatujui kuhesabu."

Nilimnunia Nivya siku mbili nzima. Maskini, hakuwa na kosa. Kikundi kimenipa mpaka sikukuu ya Onam, mwezi wa Agosti, nilete neno lako, si langu.

Ambili, nimekukumbuka mpaka nimekuwa mwongo. Nikisimama majini kwenye mstari wako huwa nazungumza nawe, nakupa habari za nyumbani, na wapita njia hudhani naimba. Usiniandikie la kunifurahisha. Kama unarudi, nguzo zako zipo. Kama hurudi, sema, nami mwenyewe nitampeleka Suhara nimwonyeshe. Sitakulaumu. Ila Desemba ikifika sitajua niende wapi kuzungumza nawe.

Mama na shangazi Kamalamma wanakusalimu sana. Suhara naye anakusalimu. Hajui nakuandikia nini; amesema tu nikuombee afya.

Mungu akutunze huko uliko. Akurudishe, au anipe mimi moyo wa kukuachia.

Dada yako akupendaye siku zote,
Prasanna